Kuandika mila za Kihindu kuanzia jikoni kwa bibi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mwaka mwezi wa Bhadarvo ulipoingia nusu yake ya giza, bibi yangu mzaa baba alipanda ngazi ya nyuma ya nyumba yetu pale Tanga na sahani ya bati mkononi. Sahanini mlikuwa na puri mbili zilizokatwakatwa na kijiko kikubwa cha dudhpak, yaani maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, na mchele kidogo, sukari, iliki na zafarani. Aliiweka sahani kwenye ukingo wa paa, akarudi nyuma, akaita kwa sauti ya kukwaruza: "Kaag! Kaag!" Nao kunguru wakaja, maana kunguru wa pwani hasubiri kuitwa mara mbili.

Ng'ambo ya ukuta mtoto wa jirani alikuwa ameshavuta manati. Kwao kunguru ni mwizi wa vifaranga. Ba, ndivyo tulivyomwita bibi, akamkemea kwa Kiswahili chake cha dukani: "Wacha wee! Huyo babu yao hawa anakula!" Yule mtoto akabaki na manati hewani, ananitazama mimi, anamtazama kunguru, anatafuta tunapofanana.

Nimeanza na kunguru kwa makusudi. Makala nyingi ninazoletewa nizipitie, za watu waliokulia katika nyumba za Kihindu, huanza na sentensi ileile: "Uhindu ni miongoni mwa dini kongwe zaidi duniani." Ni kweli, na haimsaidii mtu. Hamna nyumba ndani yake, hamna harufu ya iliki. Nyingine huangukia upande wa pili: hadithi tamu ya bibi, machozi, basi. Hapo bibi tumempata, lakini hatujui alikuwa akifanya nini hasa, wala kwa nini jirani yake Mhindu mwenzake hafanyi vivyo hivyo.

Mimi huwaita mashahidi watatu. Wa kwanza ni tendo lenyewe, kilichofanywa na mikono, kama mwanaanthropolojia angekiandika. Wa pili ni mdomo, yale yanayosimuliwa. Wa tatu ni masalia: karatasi, vyombo, picha, majina. Kila mmoja ana uongo wake. Ukiwasikiliza wote na ukamwambia msomaji nani anasema nini, andiko litasimama.

Kwanza tusafishe maneno

Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Kalasinga au Mjaini. Mhindu ni mtu wa dini. Kwa Kiswahili tofauti ni irabu moja tu, na watu huivuruga kila siku, hata magazetini. Usiivuruge wewe.

Kisha lipo neno la pwani, Banyani, lililotokana na vaniya, wafanyabiashara wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, likaja kumhusu Mhindu yeyote. Limo katika methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Wapo wanaoiona ni tusi na wanataka ifutwe. Mimi nasema iandike, kwa sababu ni ushahidi wa namna jirani alivyomtazama babu yako: hampendi, na bado anamhitaji. Mwandishi wa mila anayeficha alivyoonekana na jirani ameandika nusu ya nyumba.

Na jizoeze kusema "kwetu". Nyumba ya Kibhatia kutoka Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, nyumba ya Kipatel kutoka Charotar na nyumba ya Kilohana inayomheshimu Jalaram Bapa wa Virpur hazifanani kwa kila jambo. Ukiandika "Wahindu hufanya hivi", mtu wa mtaa wa pili atakuumbua, na atakuwa na haki.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja dogo

Usiandike Diwali. Andika ile saa moja dukani, daftari jipya la hesabu lenye jalada jekundu linapofunguliwa, na mkubwa wa nyumba anaandika Shri kwenye ukurasa wa kwanza: mara moja juu, mara mbili chini yake, mara tatu, mpaka herufi zinajenga mlima. Pembeni yanawekwa Shubh na Labh, heri na faida. Mtu akitaka kujua dini na biashara vilikutana wapi katika maisha ya Wagujarati, vilikutana kwenye ukurasa huo, na wino bado mbichi.

Usiandike kuzaliwa. Andika usiku wa sita, chhathi, ambapo karatasi tupu na kalamu nyekundu huwekwa kando ya mtoto ili Vidhata, mwandishi wa majaliwa, apite usiku aandike. (Nilipokuwa mdogo niliuliza asubuhi yake karatasi inasomeka vipi. Nikaambiwa nikaoshe vyombo.)

Tendo liwe umeliona kwa macho yako, au ameliona mtu aliye hai unayeweza kumuuliza. Lisipotimiza hilo, chagua jingine.

Hatua ya 2: Andika mikono kabla ya maana

Hapa ndipo anthropolojia inapofanya kazi yake, na haihitaji shahada. Inahitaji daftari na subira ya kutofasiri. Haya ni maandishi yangu ya siku ya kunguru, niliyoyaandika nikiwa na miaka 19, bila kujua yatanifaa nini:

"Saa nne na robo asubuhi. Ba hajala. Sahani ya bati, si ile ya stili ya kila siku. Puri mbili. Anakata kwa mkono wa kulia. Kaki leo hagusi sufuria, amekaa ukumbini na gazeti. Kunguru wanne. Ba anangoja mmoja ale ndipo anashuka. Baba anakula, halafu sisi watoto. Ba wa mwisho."

Soma tena. Mna mambo mle ambayo hakuna mtu angenisimulia kwa hiari. Kaki, mke wa baba mdogo, hakugusa sufuria kwa sababu alikuwa katika siku zake. Jambo hilo halikutajwa, lilionekana kwa gazeti tu. Utaratibu wa kula unakuonyesha nani mkubwa, nani anahudumia nani. Na sahani ya bati inakuambia kwamba chakula cha marehemu na cha walio hai havichangii chombo. Ningeanza na maana, ningeandika "tunawakumbuka wahenga kwa upendo", na yote hayo yangepotea.

Kwa hiyo: saa, vyombo, idadi, mkono upi, nani yupo, nani hayupo, nani anakula lini. Andika siku hiyohiyo, kabla hujalala.

Na uweke nakala mahali pengine. M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia wa India aliyezaliwa Mysore mwaka 1916, aliishi mwaka 1948 katika kijiji alichokiita Rampura, kwenye eneo la asili ya jamaa zake mwenyewe. Alitumia miaka mingi kuyachambua maandishi yake. Aprili 1970, akiwa Stanford nchini Marekani, kituo alichokuwa akifanyia kazi kilichomwa moto na nakala zote tatu za uchambuzi huo zikaungua. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1976 alikiandika kwa kumbukumbu. Watu hupenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kumbukumbu inatosha. Mimi nakisoma kinyume: kumbukumbu ilimtosha kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshaandika. Na nakala tatu zilizowekwa chumba kimoja ni nakala moja.

Hatua ya 3: Waulize wazee, ila usiulize "kwa nini"

Ukimuuliza mzee wa Kihindu kwa nini tunafanya hivi, atakupa mahubiri aliyoyasikia kwa maharaj, kuhani wa Kibrahmini. Si yake. Muulize: Nani alikufundisha kusukuma puri? Siku ya kwanza uliharibu nini? Hiyo sufuria ilitoka wapi? Nani hakualikwa? Nani aligombana na nani kwenye harusi hiyo? Mkumbushe aibu ndogo, siyo ushujaa.

Mhoji mikono yake ikiwa na kazi. Wakati anapeta mchele au anakata bamia, mzee husema mambo ambayo ukimkalisha kitini na simu mbele ya uso wake hayasemi. Simu irekodi, sawa, aombwe ruhusa, halafu ilazwe kifudifudi pembeni isahaulike.

Hoji watu wawili kwa kisa kimoja, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana neno kwa neno, wamekaririshana. Tafuta wa tatu.

Sikiliza pia lugha inabadilika wapi. Kwetu Kikutchi ni lugha ya mdomo na Kigujarati ni ya kalamu; Ba aliomboleza kwa Kikutchi, akahesabu kwa Kigujarati, akagombeza kwa Kiswahili. Ukitafsiri yote kuwa Kiswahili kimoja sanifu, umemfanya awe mtangazaji wa redio.

Na usidhani ni lazima uagize namna ya kusimulia kutoka nje. Wahindu wana katha, kisa kitakatifu kinachosomwa kwa sauti, na katha ina muundo wake. Chukua ile ya Satyanarayan, inayosomwa majumbani mtu akihamia nyumba mpya au akipata heri. Ndani yake mna mfanyabiashara anayeweka nadhiri na kuiahirisha. Mna binti yake, Kalavati, anayesikia merikebu ya mumewe imetia nanga, akakimbilia bandarini bila kula prasad, chakula kilichobarikiwa. Merikebu ikatoweka, naye akarudi nyumbani kula ndipo ikarejea. Fikiria kisa hicho kikisomwa Unguja au Mombasa, kwa watu ambao shehena yao iko baharini kweli. Halafu tazama ujanja wake: katha hiyo inasimulia habari za watu waliopatwa na mambo kwa kuisikia au kuidharau katha yenyewe. Msikilizaji yumo hadithini. Ukiandika jinsi Kaki alivyokuwa akiisikiliza huku akikoroga sheero ya prasad, akikosa sura ya tatu kila mwaka kwa sababu ya jiko, umeshaingia katika muundo huo bila kuazima cha mtu.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi, na ujue kuzisoma

Anza na zilizo karibu: kadi za harusi, nyuma ya picha, pasi za zamani, madaftari ya duka. Kadi ya harusi ya Kigujarati, kankotri, ni hazina. Ina kijiji cha asili na majina ya wakubwa wa pande zote, na mbele ya jina la marehemu huwekwa herufi ya kufupisha "aliye mbinguni". Weka kadi tatu za miaka tofauti mezani, utaona nani alifariki kati ya harusi ipi na ipi.

Tarehe ndizo huwashinda wengi. Madaftari ya Kigujarati hutumia mwaka wa Vikram Samvat, unaoanza siku baada ya Diwali. Mwezi wa kwanza ni Kartak, wa mwisho Aso. Kila mwezi una nusu mbili, sud ya mwezi unaokua na vad ya mwezi unaopungua. Kanuni ni hii: tarehe ikiangukia kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, toa 57, ikiangukia kuanzia Januari hadi Diwali, toa 56. Mfano: "Kartak sud 5, Samvat 1983", ndiyo Labh Pancham, siku maduka yanapofunguliwa tena, ni Novemba 1926. Lakini "Aso vad 12, Samvat 1983" ni Oktoba 1927. Mwaka ni uleule kwenye daftari, na katikati pana karibu miezi 12. Nimeona shajara ya ukoo ambayo mtoto amezaliwa kabla ya wazazi kuoana kwa kosa hili tu, na shangazi wawili hawakusemezana kwa ajili yake. Tena kuwa mwangalifu na Wakutchi: wana mwaka mpya wao wa Ashadhi Bij, msimu wa mvua za India, kwa hiyo uliza familia yako ilihesabu kuanzia wapi.

Majina nayo yana mitego. Mgujarati huandika jina lake, la baba, kisha la ukoo. Mwanamke akiolewa, jina la kati hubadilika likawa la mume. Makarani wa huku mara nyingi waliishia jina la pili, la ukoo likapotea njiani. Mtu mmoja anaweza kuwa watu watatu katika karatasi tatu.

Ukiweza kufika India, wapo wanaotunza nasaba kwa urithi. Haridwar, kando ya mto Ganga, makuhani wanaoitwa panda wana madaftari ya mahujaji yaliyopangwa kwa kijiji na jati, kundi la kuzaliwa. Sehemu ya madaftari hayo imepigwa picha na Chama cha Nasaba cha Utah. Gujarat kuna Vahivancha, jamii ya Wabarot, ambao walikuwa wakizunguka kwa wateja wao na vahi, kitabu cha ukoo, kukisoma na kuongeza waliozaliwa. Mwaka 1958 wanaanthropolojia A. M. Shah na R. G. Shroff waliandika kuhusu Wabarot hao na kuwaita watunza nasaba na vilevile watunga visasili. Nakusihi uikumbuke sifa hiyo ya pili. Kitabu cha nasaba humpa mteja mababu halisi upande wa huku, na upande wa kule kabisa humpa shujaa au mungu. Hakiandikwi ili kudanganya. Kimeandikwa ili mtu awe na pa kutokea.

Masalia si karatasi tu. Hata yule kunguru wetu ana pasi yake: jamii ile ya kunguru ilitoka India ikaletwa Unguja katika miaka ya 1890 isaidie kula taka, kisha ikaenea pwani nzima. Kwa hiyo Ba alipokuwa akimwita babu yetu kwa sura ya kunguru, alikuwa akimwita mhamiaji mwenzake. Sikulitunga mimi hilo, nililikuta.

Hatua ya 5: Mashahidi wanapopingana, usiwapatanishe haraka

Hii ndiyo hatua niliyoikosea zaidi, kwa hiyo nitaisimulia taratibu.

Kwetu husemwa kwamba baba wa babu yetu alikuja kwa jahazi kutoka Mandvi, akiwa na lota moja ya shaba, chombo cha maji, na kitambaa cha chumvi. Jahazi lilipigwa na dhoruba, akamwaga maji ya lota baharini kama sadaka, bahari ikatulia. Foi, shangazi yangu, hulia akifika kwenye lota. Mimi nimeisikia labda mara mia.

Kisha nikapata pasi yake sandukuni. Mwaka 1926, mhuri wa Bombay, meli ya moshi. Meli za kampuni ya British India zilikuwa zikifika Zanzibar tangu mwaka 1872, na kufikia wakati wake abiria wengi wa Kigujarati walikuja kwa meli za aina hiyo. Nikaandika makala ya kwanza kwa furaha ya mtu aliyekamata uongo: kumbe hakuna jahazi, kumbe hakuna dhoruba. Nilikuwa kijana, na nilikuwa mpumbavu. Foi aliisoma, akanirudishia bila neno.

Miaka baadaye nilikuwa nasugua ile lota kwa ukwaju na chumvi kabla ya Diwali, kazi inayonipumzisha, nikaona maandishi kwenye kitako. Vyombo vya kwetu huchongwa jina la mwenyewe ili visipotee kwenye shughuli. Jina halikuwa la babu. Lilikuwa la mtu nisiyemjua, na chini yake Samvat 1941, yaani mwishoni mwa 1884 au ndani ya 1885.

Nikarudi kwa wazee na swali jipya, si "je, ni kweli?" bali "huyu nani?" Kaka mkubwa wa baba yangu hakujua. Bi mkubwa mmoja wa upande wa Mombasa alijua: alikuwa baba mdogo wa yule babu wa pasi, aliyetangulia kuja, akafungua kiduka, akafa bila mtoto. Duka na lota vikabaki kwa mpwa aliyekuja kwa meli. Familia ikawakunja watu wawili wakawa mmoja, kwa sababu asiye na mtoto hana wa kumsimulia.

Kwa hiyo jahazi lilikuwa la kweli. Nililitafuta kwa mtu ambaye siye.

Tangu hapo nafanya hivi. Naandika toleo la mdomo lote, kwa heshima, hadi mwisho. Naandika la karatasi lote. Halafu nauliza maswali mawili: hadithi inabeba kitu gani ambacho karatasi haiwezi kukibeba, na nani amepotea katikati? Kupatana kukija, kuje kwenyewe. Kusipokuja, msomaji apewe yote mawili, na ajue lipi limetoka wapi.

Hatua ya 6: Ukoo, jati, na mtu wa jikoni

Ukiandika kwa Kiswahili kuhusu Wagujarati, majina ya undugu yatakutega. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo au mkubwa. Mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi. Sasa andika: "Mama alimwongoza bibi harusi hadi mandap", kibanda cha kufungia ndoa. Msomaji wa Kiswahili ataona mwanamke mwenye machozi, wewe ulimaanisha mjomba mwenye masharubu, na ujio wake ndio unaotangaza kwamba upande wa ukeni umetimiza haki yake. Kosa la neno limekula anthropolojia yote. Mimi hutumia Kiswahili (babu, baba mdogo, mjomba) na kuacha neno la Kigujarati pale tu ambapo Kiswahili hakina: kaki na foi kwangu ni majina ya watu, si vyeo. Na mara moja katika kila andiko naueleza mtego huo waziwazi, kwa sababu ni wa kuchekesha na unafundisha.

Jati ni ngumu zaidi. Ni kundi la kuzaliwa linaloamua unaoa wapi na, zamani kuliko leo, unakula na nani. Wengi huliruka kwa aibu au huliita "jumuiya" na kupita. Usipite. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jati iliyotengwa, alisoma mada yake kuhusu jati katika semina ya anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia mwezi Mei 1916, akionyesha kwamba msingi wake ni kuoana ndani kwa ndani. Huo ni mtihani unaoweza kuufanya na shajara yako: angalia vizazi vitatu, wake walitoka wapi? Irawati Karve, mwanaanthropolojia wa Maharashtra, alitembea na mahujaji wa Pandharpur, akaandika furaha ya safari ile kwa moyo wake wote. Na papo hapo akaandika kwamba katika msafara wake Wabrahmini na Wamaratha walipika na kula mbalimbali, na kwamba lilimuuma. Upendo haukumfunga mdomo.

Kwetu sisi wa huku lipo jambo la pili. Jikoni kwa Ba alikuwepo mwanamke wa Kidigo aliyetulea, aliyejua nyimbo za garba, ngoma ya Kigujarati, kuliko mimi, na ambaye kwa miaka mingi kikombe chake kiliwekwa peke yake dirishani. Chumba cha puja, yaani cha ibada, hakuingia. Nilipomhoji, uzeeni mwake, nilitaka kuanza na msamaha. Hakuutaka. Alitaka kunisahihisha namna ya kufunga sari. Kisha akasema, taratibu, kwamba kikombe kile alikuwa akikiosha mara mbili, kwa sababu na yeye hakutaka kinywa cha mtu mwingine. Nimeiandika kauli hiyo kama ilivyo. Aliyekaa jikoni kwenu ni shahidi wa utamaduni wenu. Mhoji, na mlipe muda wake.

Hatua ya 7: Sentensi

Sasa andika. Sheria yangu ni moja: imani iwe na mwenyewe. Linganisha.

"Wahindu huamini kwamba wahenga hurudi kwa sura ya kunguru."

"Ba alisema yule ni babu. Maharaj alisema kunguru ni mjumbe wa Yama, mungu wa mauti, na kwamba anapeleka chakula, hakili yeye. Baba alisema ni desturi tu. Kisha akangoja hadi kunguru ale ndipo akagusa sahani yake."

La kwanza ni la ensaiklopidia na lina kasoro. La pili lina watu watatu, imani tatu, na mkono mmoja uliositasita. Urefu haukuongezeka sana.

Maneno ya kigeni yaeleze kwa kazi yake ndani ya sentensi, mara moja, uendelee. Ukiona kila mstari una neno la mlazo, jikoni pamejaa vyombo hakuna chakula.

Hatua ya 8: Lisome nyumbani kabla halijatoka

Soma kwa sauti mbele ya waliokupa. Watakuomba uondoe mambo. Ugonjwa wa mtu, deni, ndoa iliyovunjika ya mtu aliye hai: ondoa bila ubishi. Jina la jati, kikombe cha dirishani: hayo jadiliana, usikubali haraka. Watakusahihisha pia, na hapo uwe na kalamu.

Ba hayupo tena. Anayepanda ngazi siku hizi ni Kaki, yule wa gazeti. Nilimsomea andiko hili lote jikoni. Alinizuia kwenye aya ya kwanza kabisa. "Zafarani gani? Ba aliweka kungumanga. Zafarani ilikuwa ya wenye pesa." Nimeiacha pale juu kama nilivyoikumbuka, na hapa kama alivyosema.

Nilipofika kwenye lota aliacha kukoroga. Akauliza tithi ya yule mzee, siku ya mwezi aliyofia. Nikamwambia haimo popote. Akafikiri kidogo, akafunika sufuria.

"Basi Amas," akasema. Amas ni siku ya mwisho ya kipindi kile cha kuwalisha marehemu, ya mwezi kufa, siku ya wote ambao tithi zao hazijulikani. Ilipofika nilikuwepo, na daftari langu. Saa nne kasorobo. Sahani ya bati. Puri tatu.